Namna ya Kurekebisha Mkazo wa Kibanio cha Kisu cha Kukunja

Kisu changu cha kwanza cha kukunja chenye kibanio cha mfukoni nilikipoteza ndani ya daladala. Sikuibiwa. Nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma kabisa, magoti yakiwa juu kuliko kiuno, kisu kikachomoka chenyewe taratibu, na nilipokuja kupapasa mfuko gari lilikuwa limekwishaondoka kituoni. Kisu cha pili kilinifanyia kinyume chake: kilibana mno, nikawa nakichomoa kwa kukivuta kwa nguvu, na baada ya miezi michache pindo la mfuko wa kulia wa kila suruali yangu lilikuwa limefumuka nyuzi, hata fundi cherehani akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna panya.

Visu vyote viwili vilikuwa vizima. Tatizo lilikuwa mkazo wa kibanio, yaani ile nguvu ambayo kipande cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa mpini hutumia kuushika mfuko, na mkazo huo unaweza kurekebishwa nyumbani kwa vifaa vichache. Kiwanda cha Yangjiang katika jimbo la Guangdong nchini China, ama cha Golden katika jimbo la Colorado nchini Marekani, huchagua mkazo mmoja kwa wanunuzi wote bila kujua kama wewe unavaa jinzi nzito au suruali ya kitambaa chepesi. Kibanio chenyewe ni uvumbuzi wa juzi tu: kampuni ya Spyderco ndiyo iliyokiingiza sokoni mwaka 1981 kupitia kisu chake kilichoitwa Worker, na kabla ya hapo kisu cha mfukoni kilikaa chini kabisa ya mfuko pamoja na funguo na sarafu.

Kibanio kinavyofanya kazi

Ili tuelewane huko mbele, nitazipa majina sehemu zake. Shina ni pale kinapofungwa kwenye mpini, kwa kawaida kwa skrubu mbili au tatu. Kutoka shinani chuma hupinda kidogo na kuanza safari yake juu ya mpini. Mpindo huo nitauita shingo. Kisha hurefuka na kushuka mpaka kinapougusa mpini, na hapo ni tumbo. Baada ya tumbo ncha hunyanyuka tena ili pindo la mfuko lipate njia ya kuingilia. Huo ni mdomo.

Kibanio ni kamani (springi) bapa. Ukikifungua na kukitazama kwa ubavu kando ya rula, utaona kwamba tumbo lake liko chini kidogo kuliko usawa wa shina. Kikifungwa, mpini hulisukuma tumbo hilo juu, na kule kusukumwa ndiko kunakozaa mkazo wa mwanzo. Kitambaa kikiingia chini yake hulinyanyua zaidi, na kadiri kitambaa kilivyo kinene ndivyo mkazo unavyopanda. Ndiyo maana kibanio kilekile huonekana kimelegea kwenye suruali ya suti na kuonekana kigumu kwenye jinzi, ambayo pindo la mfuko wake huwa limekunjwa na kushonwa tabaka mbili tatu. Hakuna mkazo unaofaa nguo zote. Kuna mkazo unaofaa suruali unazovaa siku nyingi za wiki, na hizo ndizo utakazotumia kupimia.

Mambo mawili ya umbo yanafaa kukumbukwa. Ugumu wa kamani ya aina hii hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo kibanio kilicho kinene maradufu huwa kigumu mara nane, na kwa njia hiyohiyo kilicho kirefu maradufu huwa laini mara nane. Kibanio kifupi na kinene hakina subira: ukikikosea kidogo tu, mkazo hubadilika sana. Jambo la pili ni kwamba mabadiliko madogo shingoni huwa makubwa tumboni. Ukikipinda kwa nyuzi 1 tu kibanio chenye urefu wa milimita 50, upande wa pili utasogea karibu milimita 0.9, na umbali huo unatosha kabisa kukitoa kibanio kwenye kulegea na kukipeleka kwenye kuchana nguo. Watu wengi huharibu kibanio kwa kudhani kwamba kupinda ni jambo linalopaswa kuonekana kwa macho. Ukiliona kwa macho, umekwishazidisha.

Hakikisha kwanza kosa liko wapi

Nusu ya vibanio nilivyoletewa vikiwa na lawama havikuhitaji kupindwa hata kidogo. Kabla hujashika koleo, funga kisu, zungushia tepu ya umeme ili bapa, yaani sehemu inayokata, lisifunguke, na ufanye majaribio yafuatayo mezani.

Kama lawama ni kwamba kibanio kimelegea, shika ncha yake na uisukume kushoto na kulia. Kisha inyanyue kidogo huku ukitazama shina. Shina likicheza au likiachana na mpini hata kwa unywele, tatizo ni skrubu. Zikaze, jaribu tena kwenye suruali, na huenda kazi yako ikaishia hapo.

Kama lawama ni kwamba kibanio kinabana, usikubali haraka. Mikono yetu haiwezi kutofautisha nguvu ya kubana na msuguano, kwa sababu vyote viwili huhisiwa kama kisu kinachogoma kutoka. Mipini mingi ya kisasa hutengenezwa kwa G-10, ambayo ni tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na uso wake huchorwa makusudi uwe na kero, yaani ukwaruzo, ili usiteleze mkononi. Kero hiyo ikiwa chini ya tumbo la kibanio hufanya kazi ya tupa: kila unapochomoa kisu, kitambaa kinasuguliwa kati ya chuma na tupa. Kata kipande chembamba cha plastiki laini kutoka chupa ya maji, kiweke kati ya kitambaa na mpini, kisha uchomoe kisu kikiwa kimeshika plastiki hiyo pamoja na pindo. Kisu kikitoka kwa ulaini, acha kibanio kama kilivyo na uende moja kwa moja kwenye sehemu inayohusu kusugua mpini. Mfuko wangu uliokuwa ukifumuka nyuzi ulikuwa na kosa hilihili, na mimi nilikuwa nimekwishakipinda kibanio mara mbili bila sababu.

Kama bado unaona kibanio chenyewe ndicho chenye kosa, pima mkazo wake wa sasa ili baadaye usitegemee kumbukumbu ya vidole. Huhitaji mashine. Chukua mfuko wa plastiki wenye mishikio, ufunge uzi imara, na uupitishe uzi huo chini ya kibanio karibu kabisa na tumbo. Ingiza kipande cha karatasi ya kawaida ya ofisi kati ya tumbo na mpini. Shika kisu kikiwa kimelala, upande wa kibanio ukitazama sakafuni, mfuko ukining'inia, kisha mwambie mtu amimine maji mfukoni kidogo kidogo huku wewe ukiivuta karatasi kwa wepesi. Pale karatasi inapoachiwa, uzito wa maji umelingana na mkazo wa mwanzo wa kibanio. Yapime maji hayo kwa chupa: lita 1 ni kilo 1, na nusu lita ni nusu kilo. Andika. Kama una kisu kingine ambacho kibanio chake unakipenda, kipime na hicho pia kwa namna ileile, kwani hapo utakuwa na lengo la kulifuata badala ya kubahatisha.

Vifaa

Bisibisi ndiyo inayoamua kama kazi itakuwa ya dakika kumi au ya siku mbili. Skrubu nyingi za vibanio zina tundu la nyota ya pembe sita la mfumo wa Torx, na namba zinazotumika sana ni T6, yenye upana wa karibu milimita 1.7, na T8, yenye karibu milimita 2.3. Katikati yake kuna T7, na hiyo ndiyo mtego, kwa maana huingia kwenye tundu la T8, hushika kidogo, kisha huteleza na kulifanya tundu kuwa duara. Bisibisi sahihi huingia kwa kubana kidogo na husimama yenyewe ukiiachia. Seti ya mafundi simu huwa na namba hizi, lakini chagua yenye ncha za chuma kigumu. Zile za bei ya chini kabisa husokoteka zenyewe kabla skrubu haijasogea.

Mbali na bisibisi, tafuta koleo lenye midomo laini, au koleo la kawaida ulilolizungushia ngozi au tepu. Jiliwa ndogo (kibano cha mezani) kama unayo. Karatasi kadhaa za ofisi za gramu 80, ambazo kila moja ina unene wa karibu milimita 0.1 na ndizo zitakazokuwa kipimo chetu. Kopo tupu la soda. Na gundi ya hesi ya rangi ya buluu, ile inayopakwa kwenye mizunguko ya skrubu ili isijilegeze. Msasa utahitajika tu kama ugonjwa ni wa mpini.

Kufungua kibanio

Naelewa kishawishi cha kukirekebisha kibanio kikiwa palepale kwenye mpini, kwa kuingiza bisibisi chini yake na kukinyanyua. Usifanye hivyo. Nguvu yote ya kunyanyua huishia kwenye skrubu zenye kipenyo cha milimita 2 hivi, ambazo mara nyingi zimeshika kwenye plastiki au alumini, na hesi zikichomoka huko ndani huwa umegeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Kwa visu ambavyo ubavu wa mpini ndio kufuli ya bapa, kuna hatari nyingine: ukiegemeza bisibisi kwenye ule ulimi wa kufuli unaweza kuupinda, na kisu kitaanza kufunga vibaya au kuachia bapa likiwa kazini.

Kwa hiyo kifungue. Bonyeza bisibisi chini kwa uzito wa kiganja kabla hujaizungusha, kisha izungushe kinyume cha mshale wa saa, taratibu. Skrubu ikigoma, usiongeze nguvu. Kiwandani huenda ilitiwa gundi ya hesi. Gusisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu, kile cha mafundi redio, kwenye kichwa cha skrubu kwa nusu dakika hivi, ondoa, na ujaribu tena ikiwa bado ina joto. Gundi ya buluu hulainika upesi. Nyekundu ni ngumu zaidi. Maelekezo ya Loctite 271, mojawapo ya hizo nyekundu, hutaja joto la nyuzi 250 za Selsiasi, na joto hilo kwenye mpini wa plastiki litakuachia shimo. Mpini ukiwa wa plastiki na skrubu ikigoma hata baada ya joto dogo, mpelekee fundi mwenye uzoefu.

Zipange skrubu mezani kwa mpangilio uleule wa matundu yake. Si ajabu moja ikawa ndefu kuliko nyingine, na ndefu ikiingia tundu la fupi huweza kupenya hadi ndani na kukwaruza bapa. Usiazime skrubu kutoka kisu kingine kwa kuzitazama tu. Visu vya Kimarekani hutumia sana hesi ya 2-56, yenye kipenyo cha inchi 0.086, yaani karibu milimita 2.2, wakati vya China kwa kawaida hufuata mfumo wa milimita, M2 au M2.5. Ya M2 itaingia kwenye tundu la 2-56 na kupwaya, na ya M2.5 italiua tundu hilo kabisa.

Kukipinda

Kabla ya kupinda, tambua kibanio chako ni cha aina gani. Kibanio cha bamba la chuma lililokunjwa hupindika. Kibanio cha waya hupindika kirahisi zaidi, hata kwa vidole. Kibanio kinene cha titani kilichochongwa kwa mashine kutoka kipande kizima, hasa kile chenye kigololi kidogo tumboni, hakipindwi. Ruka hadi sehemu inayofuata. Na kile cha plastiki kilichofinyangwa pamoja na mpini, ambacho bado kipo kwenye visu vya zamani vya miaka ya 1990, hakirekebishwi kwa njia yoyote ninayoiamini, kwani plastiki hiyo ikishapauka huvunjika bila kutoa taarifa.

Usikitie kibanio moto ili kukilainisha. Chuma cha kamani hupata ule unyumbufu wake ama kwa kutiwa moto kwa kipimo na kuzimwa, ama kwa kukandamizwa kikiwa baridi, na moto wa jiko utakiondolea tabia hiyo. Kitapinda vizuri sana siku hiyo, kisha kitabaki kimepinda kila utakapokichomeka mfukoni.

Weka kibanio juu ya rula ya chuma au kioo, upande unaougusa mpini ukiwa chini. Bonyeza shina lilale bapa. Ikiwa kibanio kina mkazo wa kawaida, kubonyeza shina kutaleta upinzani, kwa kuwa tumbo hutangulia kugusa kioo. Sasa shika shina likae sambamba na kioo huku tumbo likikigusa tu bila kushinikizwa, na uhesabu ni karatasi ngapi zinaingia chini ya shina. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Tuseme zimeingia karatasi saba, na kibanio kimelegea: lengo ni ziingie nane au tisa, kisha urudi kujaribu. Kama kinabana, lengo ni sita au tano.

Bana shina kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya ngozi, ukingo wa jiliwa ukiwa sawasawa na shingo. Kama huna jiliwa, libane kwa koleo, na ushike upande wa tumbo kwa koleo la pili au kwa kidole gumba. Mpindo ufanyike shingoni, pale kiwanda kilipokwishapinda, wala si katikati ya mgongo. Ukikipinda katikati utapata nundu, tumbo litagusa mpini mahali pasipo pake, na mara nyingi rangi nyeusi iliyopakwa juu itapasuka hapo.

Ili kukaza, sukuma tumbo kuelekea upande wa mpini. Ili kulegeza, livute kuliondoa upande huo. Sasa utahisi kitu ambacho ndicho roho ya kazi yote. Unaposukuma, kibanio kinakwenda, na ukiachia kinarudi pale pale. Sukuma tena mbele kidogo, achia, kinarudi tena. Hakijakubali. Endelea kuongeza umbali kwa hatua za milimita 1 hivi, kila mara ukiachia na kukirudisha kwenye kioo kuhesabu karatasi. Itafika hatua ambapo chuma kitakubali, na utaijua kwa sababu karatasi moja zaidi itaingia. Kuanzia hapo punguza hatua zako hadi robo ya zile za mwanzo, kwani chuma kilichokwisha kukubali huenda haraka. Kibanio cha bamba la titani kitakuchelewesha zaidi, kwa kuwa ugumu wa asili wa titani ni kama nusu ya ule wa chuma cha pua, hivyo hurudi umbali mrefu zaidi kabla ya kukubali. Hapo ndipo watu hukata tamaa, wakasukuma kwa hasira, na kujikuta na kibanio kilichokunjamana.

Nimesikia ushauri wa kuchomeka kibanio kinachobana kwenye rundo la kitambaa na kukiacha usiku kucha ili kilegee. Hakitalegea. Kwenye joto la chumba, kamani hukubali papo hapo au haikubali kabisa, na kibanio kilicholala kwenye rundo ambalo hakikulikubali jioni kitaamka vilevile asubuhi. Kama kimelegea, basi kilikubali katika sekunde ile ya kwanza ulipokilazimisha, na saa nane zilizofuata hazikuongeza kitu.

Jitahidi usipite lengo, kwa sababu kurudisha nyuma kuna gharama. Chuma kikipindwa huku na kurudishwa kule mara kwa mara hapo hapo, huchoka, huota ufa mdogo, kisha hukatika. Mimi nilikata kimoja kwa namna hiyo katika zamu ya nne ya kusahihisha sahihisho, na kilikatika bila kelele, kama biskuti iliyolowa. Ukishakipinda kibanio upande mmoja na kukirudisha mara moja, kagua shingo kwa kuipitishia kucha: ukihisi mkwaruzo uliokatisha upana wa chuma, agiza kibanio kingine.

Vibanio visivyopindwa: kazi ya kipande cha kopo

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na siku hizi huianza hata kwa vibanio vinavyopindika, kwa kuwa inaweza kutenguliwa kikamilifu. Badala ya kupinda chuma, unabadilisha pembe ya shina kwa kuweka bati jembamba chini yake.

Kata kipande kutoka ubavu wa kopo la soda kwa mkasi. Bati hilo lina unene wa karibu milimita 0.1, na kingo zake hukata ngozi kama wembe, kwa hiyo zisugue kidogo kwa msasa. Likiwekwa chini ya shina zima, kibanio chote kitanyanyuka milimita 0.1 na mkazo utapungua kidogo. Lakini ukilikata liwe ukanda mwembamba na kuliweka chini ya ukingo mmoja tu wa shina, litafanya kazi kubwa zaidi kwa sababu ya wenzo. Chukua shina lenye urefu wa milimita 10 na umbali wa milimita 50 hadi tumboni: bati la milimita 0.1 chini ya ukingo litakisogeza kibanio karibu milimita 0.5 kule tumboni. Bati likikaa chini ya ukingo wa mbele, ule unaotazama tumbo, kibanio hunyanyuka na kulegea. Likikaa chini ya ukingo wa nyuma, tumbo husukumwa chini na kibanio hukaza. Kipande kimoja hutosha mara nyingi. Viwili ni kikomo, kwa sababu shina lililoinama sana huziegemeza skrubu upande mmoja.

Ikiwa shina limezamishwa ndani ya mchongo wa mpini, hakikisha ukanda umekatwa kwa usahihi usitokeze nje. Rangi ya kopo iwe upande wa chini. Hakuna haja ya kila mtu kujua unakunywa nini.

Kusugua mpini

Ikiwa jaribio la plastiki ya chupa lilionyesha msuguano, funga kibanio, chora kwa penseli mstari unaolizunguka tumbo, kisha ukifungue tena. Zungushia eneo hilo tepu ili msasa usivuke mpaka. Anza na msasa wa maji namba 400, ukiwa umelowa, na usugue kuelekea urefu wa mpini, mpigo kumi hivi, kisha ufute na kujaribu. Lengo ni kuondoa ncha kali za kero na kuacha umbo lake. Ukiumalizia kwa namba 600 sehemu hiyo itakuwa laini kama ukucha. Vumbi la G-10 ni vumbi la kioo, kwa hiyo maji si hiari, barakoa ivaliwe, na matambara yaliyotumika yasikung'utwe ndani ya nyumba. Eneo lililosuguliwa litapauka. Tone la mafuta ya mashine huirudisha rangi.

Mipini ya alumini iliyopakwa rangi isisuguliwe, maana utaona chuma cheupe tangu mpigo wa pili. Kwa hiyo ni afadhali kulegeza kibanio kidogo na kuvumilia.

Kurudisha na kujaribu

Futa mafuta yote kwenye skrubu na ndani ya matundu kwa spiriti, kwa kuwa gundi ya hesi haishiki kwenye mafuta. Zifunge skrubu zote kwa vidole kwanza, kila moja ikiwa imeingia mizunguko miwili au mitatu, ndipo uzikaze kwa zamu ili shina likae sawa. Fanya hivi bila gundi. Rudia jaribio la maji, linganisha na ulichoandika, kisha vaa suruali yako na uchomeke kisu. Kaa. Chuchumaa. Panda ngazi. Kiti cha chini chenye kuinua magoti ndicho mtihani mgumu kuliko wote, kama nilivyojifunza kwa gharama. Kisu kisisogee ukiwa umekaa, na mkono mmoja uweze kukichomoa bila mfuko kunyanyuka pamoja nacho.

Ukiridhika, toa skrubu moja baada ya nyingine bila kukiondoa kibanio, gusa hesi zake kwa tone dogo la gundi ya buluu, Loctite 242 kwa mfano, kwa ncha ya kijiti cha meno, na uzirudishe. Kwa mpini ambao hesi zake zimechongwa kwenye plastiki tupu, acha gundi hiyo kabisa, kwani huweza kupasua aina fulani za plastiki. Kaza kwa vidole viwili vilivyoshika bisibisi, si kwa kiganja kizima. Kisha fungua bapa polepole huku ukisikiliza. Likikwaruza mahali ambapo halikukwaruza zamani, kuna skrubu iliyoingia kwa kina kupita kiasi, na ni lazima uitoe sasa hivi kabla gundi haijakauka.

Gundi huchukua saa 24 kukamilika, kwa hiyo kiache kisu mezani siku nzima. Chora alama ndogo ya kalamu inayovuka kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye shina, na uitazame baada ya wiki moja ya matumizi. Mstari ukiwa umekatika, skrubu hiyo imezunguka, nawe utajua pa kuanzia kabla hujakilaumu kibanio.